Tovuti yangu ya picha ina menyu tatu ukurasa wa mwanzo na bado wateja wananiuliza "unapiga picha gani?" Tatizo liko wapi?

#1 JichoLaNjiro
Wakuu habari za jioni.

Nina shida ya mwaka mzima, leo nimeamua kuileta hapa. Napiga picha Arusha, huu mwaka wa tisa. Nusu ya kazi zangu ni sherehe, nusu ni porini na wageni. Tovuti nilijijengea mwenyewe kwa WordPress, usiku kwa usiku, na naipenda kama mtoto.

Ukurasa wa mwanzo una menyu tatu. Ya juu ina vitu 14: Nyumbani, Kuhusu Mimi, Harusi, Sendofu, Kicheni Pati, Mahafali, Familia, Watoto Wachanga, Wanyamapori, Mlima, Bidhaa, Blogu, Bei, Mawasiliano. Ukigusa Harusi inashuka nyingine: Kanisani, Bomani, Nikah, Ukumbini, Kabla ya Harusi. Pembeni kushoto kuna menyu ya miaka, kuanzia 2017. Chini kabisa kuna ya maeneo: Serengeti, Ngorongoro, Tarangire, Manyara, Moshi, Zanzibar.

Niliweka vyote kwa sababu vyote nafanya. Sikutaka mtu aje na shida yake aondoke akidhani siiwezi. Lakini kila siku napata ujumbe WhatsApp: "Habari kaka, nimeona tovuti yako, kicheni pati unapiga?" Iko pale juu, ya tano! Mwingine anaomba bei wakati ukurasa wa bei upo.

Wiki iliyopita mama wa bibi harusi mmoja alikuja studio, nikamwomba afungue tovuti kwa simu yake mwenyewe, nikanyamaza nimwangalie. Picha ya juu ikaanza kushuka vipande vipande. Akasubiri. Akaivuta kwa kidole gumba, akapita tembo, akapita simba, akapita tembo wa pili. Akasimama, akaniangalia: "Mwanangu, kumbe wewe ni wa wanyama?" Ile alama ya mistari mitatu pale juu kulia, ambayo ndani yake kuna kila kitu, hakuigusa hata mara moja.

Nipunguze menyu? Nizipange upya? Au tatizo liko kwingine kabisa? Naomba ukweli hata ukiuma.

#2 FundiWaTovuti
Jibu fupi mkuu: punguza. Kichwa cha mtu kinabeba vitu saba, ukizidisha sana tisa. Imeshathibitishwa tangu 1956 na mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller. Wewe umempa mtu 14 juu, bado pembeni, bado chini. Lazima akimbilie WhatsApp. Bakiza saba, nyingine ziteremshe chini. Uzi ufungwe.

#3 Mwanaseme
Uzi haufungwi, ndio kwanza umefunguliwa.

Mkuu wa #2, Miller alikuwa anazungumzia kumbukumbu ya muda mfupi. Mtu anasomewa tarakimu au maneno, kisha anaambiwa ayarudie. Menyu haikaririwi, iko mbele ya macho. Ungesema kanuni ya Hick ya 1952 ningekuelewa. William Hick, Mwingereza, aliwawekea watu taa na vitufe: taa ikiwaka, bonyeza kitufe chake. Taa zikiongezeka mtu anachelewa kuamua, ila ucheleweshaji wenyewe hauendi sambamba na idadi. Kutoka taa 2 kwenda 4 ni hatua moja. Kutoka 4 kwenda 8 ni hatua nyingine kama ile ile. Kwa hiyo kuteremka kutoka 14 hadi 7 unaokoa hatua moja tu.

Na hapo ni kwa mtu ambaye tayari anajua kila taa na kitufe chake. Mama wa bibi harusi hajui ndani ya "Mlima" kuna nini, hajui "Bidhaa" ni nini. Huyo hachagui, huyo anasoma neno moja moja na kubahatisha. Shida yako ni majina. Idadi inafuata nyuma.

#4 JichoLaNjiro
Mwanaseme, "Bidhaa" ni picha za bidhaa za watu: viatu, sabuni, kahawa, wanazopeleka kwenye matangazo. "Mlima" ni wageni wanaopanda Kilimanjaro na Meru. Nilidhani ziko wazi.

#5 Mwanaseme
Ziko wazi kwako uliyezipiga.

#6 SalmaWaTemeke
Mimi siyo fundi, ni mteja. Niliolewa 2023, naomba niseme nilivyomtafuta mpiga picha wangu.

Ukurasa wa mwanzo wa mtu sijawahi kuuona. Rafiki yangu alinitumia linki ya albamu moja WhatsApp, nikatua moja kwa moja kwenye picha za harusi ya mtu mwingine. Nilichokuwa natafuta kilikuwa kimoja: hizi rangi zetu zinatokaje ukumbini usiku, chini ya zile taa za zambarau na za bluu? Maana nimeona harusi nyingi bibi harusi mweusi wa kupendeza anatoka wa kijivu, na bwana harusi anaonekana meno tu. Nikataka albamu nzima, kuanzia saluni hadi keki, siyo picha kumi kali zilizochaguliwa. Nilipoiona nikaridhika, nikatafuta namba ya simu. Nikapiga. Basi.

Sasa nyie mnabishana juu ya saba na kumi na nne. Kaka JichoLaNjiro, albamu nzima ya harusi moja ipo kwenye tovuti yako?

#7 JichoLaNjiro
Dada Salma, hapana. Nimeweka bora 12 za kila aina.

#8 BahariaMvita
Salamu kutoka Mombasa. Nimeifungua sasa hivi kwa simu nikapima. Picha ya tembo ya juu pekee ni megabaiti 9, na ziko slaidi tano zinazobadilishana. Kabla mteja hajaona hata jina lako umemtoza zaidi ya megabaiti 40 za bando. Hapa kwetu mtu ananunua bando la siku, ndugu yangu, hilo ndilo alilobakisha.

Nyote mnaongea kana kwamba menyu ilikuwepo. Kwangu menyu ilitokea baada ya picha, kwa sababu mandhari (theme) ya tovuti uliyotumia inasubiri slaidi zijipange kwanza. Yule mama alianza kuvuta ukurasa kabla mistari mitatu haijachorwa. Angebonyeza nini?

Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya 6000 kwa 4000. Simu nyingi skrini yake ina upana wa pikseli 1080. Hizo nyingine zote zinasafiri bure. Punguza upana uwe 1600 hivi, ubora 80, ihifadhi kwa WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, itashuka chini ya kilobaiti 400 na hakuna mteja atakayeona tofauti. Google wenyewe wanapendekeza kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Kwangu tembo alichukua muda hadi nikainuka kuongeza chai.

#9 FundiWaTovuti
Hapo kwenye uzito nakubali, na slaidi naomba zife. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Marekani kilipima slaidi za ukurasa wake wa mwanzo. Takriban asilimia 1 tu ya wageni walizibofya, na walio wengi walibofya ile ya kwanza. Slaidi ya nne ni picha uliyoiweka kabatini.

Halafu angalia kitu kimoja. Picha kubwa ya juu isiwekewe ule uchelewesho wa kusubiri mtu aifikie ndipo ipakiwe. Huo ni kwa picha za chini. Programu-jalizi (plugin) nyingine inaziwekea zote kwa pamoja, hata ile ambayo mtu ameshaikodolea macho.

Ila kwenye idadi sijabadilika. Hata Miller akiondoka, 14 ni nyingi.

#10 MzeeWaNegativu
Vijana, hamjambo. Nilianza kazi hii na filamu, nikiwa msaidizi kwenye studio ya Mji Mkongwe, Unguja. Niwaambie ukurasa wa mwanzo wa wakati ule ulikuwaje: ulikuwa dirisha la mbele.

Mwenye studio alibandika pale picha labda ishirini. Bibi na bwana wamekaa, mtoto wa siku arubaini, mwanafunzi na cheti chake, wazee waliorudi Hijja. Hakuna neno hata moja lililoandikwa. Mtu alisimama nje, akaweka kidole juu ya kioo, akaingia ndani: "Nataka kama ile." Kioo kila jioni kilikuwa na alama za vidole, na kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kukifuta. Nilikuja kugundua kwamba alama zinakaa sehemu zile zile. Nikamwambia mwenye studio, naye akawa anazihamisha picha kufuata vidole.

Mpaka leo ukiingia Capital Art Studio, ambayo mzee Ranchhod Oza aliifungua 1930, kuta zimejaa picha, na wageni wanachagua kwa macho. Wewe mwanangu una picha, kwa nini unawaandikia watu maneno 14?

Mimi nilijaribu tovuti mwaka 2008. Fundi alinitengenezea kwa Flash, programu ya Adobe ya wakati ule, yenye muziki na milango inayofunguka. Ilikuwa nzuri sana. Simu za iPhone hazikuifungua, na mwisho wa mwaka 2020 Adobe wakaiacha kabisa. Picha zangu zote zilikuwa nyuma ya milango ile.

#11 JichoLaNjiro
Shikamoo mzee. Hii ya vidole kwenye kioo imenikaa kichwani.

#12 MzeeWaNegativu
Marahaba mwanangu.

#13 Mwanaseme
Shikamoo mzee. Naipenda hoja yako ila naomba nikukatalie kidogo. Dirishani kulikuwa na mwenye studio ndani wa kuuliza. Kwenye simu, picha ya dada aliyevaa gauni la kijani amesimama na mama yake: hiyo ni sendofu, kicheni pati au siku ya kuzaliwa? Picha ivutie, neno limalize. Vigae vinne vikubwa vya picha, kila kimoja na neno moja juu yake. Na Google haiwezi kumleta mtu wa "mpiga picha sendofu Arusha" kama neno sendofu halijaandikwa mahali.

#14 NuruGizani
Asante Mwanaseme kwa kulitetea neno. Mimi macho yangu ni hafifu, simu ndiyo inayonisomea. Msicheke, na mimi nanunua picha: za mahafali ya mwanangu niliagiza mwenyewe, zimetundikwa sebuleni na kila mgeni ananieleza upya zilivyo.

Nilipofungua tovuti ya mleta uzi simu ilinisomea vitu 14 vya juu, ikaingia kwenye matano ya Harusi, ikaenda kwenye miaka, mmoja baada ya mwingine, ndipo nikafika kwenye picha ya kwanza. Picha yenyewe ikasomwa "DSC 4471", jina la faili tu. Nikifungua ukurasa mwingine naanza tena mwanzo. Kwa anayeona, menyu tatu ni vurugu ya macho tu, anaruka. Mimi siruki, natembea juu ya kila neno.

Tiba yake ni ndogo. Weka kiungo cha kwanza kabisa cha "Nenda kwenye picha". Kila menyu ipe jina lake kwenye HTML, yaani msimbo wa ukurasa, kwamba hii ni kuu, hii ni ya miaka, hii ya maeneo, nijue niingie wapi. Kila picha iandikie maelezo ya mstari mmoja. Na ile miaka ya pembeni imebanana mno. Mwongozo wa WCAG 2.2, wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, uliotoka Oktoba 2023 unataka sehemu ya kugusa isipungue pikseli 24 kwa 24, na Apple wanashauri 44. Mara tatu nimetaka 2019 nikaangukia 2020.

#15 JichoLaNjiro
Dada/kaka NuruGizani, samahani sana. Maelezo ya picha naanza usiku huu huu, kabla ya kugusa menyu yoyote.

#16 NuruGizani
Ni kaka. Asante.

#17 MuscatNaUnguja
Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, nimeifungua kwa laptopu. Nimeipenda picha ya ngarawa, mashallah. Lakini nikiweka kishale juu ya Harusi, orodha inashuka, nikikipeleka mshazari kuelekea Nikah, kishale kinakanyaga Sendofu na orodha inajifunga. Nimefanya mara nne. Kwa harusi ya mdogo wangu Nikah ndiyo niliyoitaka, na sikuifikia.

#18 BahariaMvita
Umeona sasa! Hiyo ya mshazari ni ugonjwa wa zamani wa menyu za kushuka. Mkono unakata njia fupi, programu inadhani umehama. Ama ufunguke kwa kubofya badala ya kupitisha kishale, ama uwekewe subira kidogo, robo ya sekunde hivi, kabla ya kujifunga. Na kwenye simu hakuna kishale cha kupitisha, kwa hiyo Nikah yote ilikuwa imezikwa mara mbili.

#19 DoleGumba
Mnaizunguka. Tatizo ni mahali menyu ilipokaa. Mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober aliwatazama watu 1,333 wakitumia simu barabarani na kwenye vituo. Kati ya waliokuwa wanaigusa simu, asilimia 49 walikuwa wameishika kwa mkono mmoja. Sasa shika simu yako hivyo, jaribu kufika kona ya juu kulia bila kuihamisha mkononi. Umeona? Dole gumba linaishia katikati. Weka vitufe vinne chini: Picha, Bei, Tarehe, Piga simu. Na hiyo mistari mitatu ni mambo ya iPhone, wazee wetu haiwahusu.

#20 SalmaWaTemeke
DoleGumba, huyo mtafiti angekuja Kariakoo angeandika tofauti. Huku simu tunaishika kwa mikono miwili na jicho la tatu nyuma.

#21 Mwanaseme
Hahaha Salma. DoleGumba, masahihisho mawili. Hesabu ile ni ya mara alizotazama, 1,333, na simu za 2013 zilikuwa ndogo kuliko hizi za sasa. Pili, mistari mitatu haikuletwa na iPhone. Ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star, mwaka 1981. iPhone ilikuja 2007. Ila hoja yako ya kitufe cha chini naipenda.

#22 DoleGumba
Nimepokea masahihisho. Wazee wetu bado haiwahusu.

#23 MzeeWaNegativu
Inatuhusu, tumezaliwa kabla yake.

#24 WakiliMchanga
Nje ya mada kidogo. "Watoto Wachanga" umeiweka wazi kwa dunia nzima. Wazazi walikubali kwa maandishi? Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Picha ya mtoto inayotambulika ni taarifa binafsi. Usiseme "hawajalalamika".

#25 JichoLaNjiro
Wakili, wengine kwa maandishi, wengine kwa mdomo tu. Nazishusha za mdomo mpaka niongee nao. Na wale wanaopokea picha zao, ningependa albamu yao iwe ya nywila, nje ya menyu kuu. Mgeni hana la kufanya na mlango ambao hana ufunguo wake.

#26 DerevaWaPori
Mimi naendesha wageni Serengeti na huyu jamaa picha zake nazijua, ni kazi ya kweli. Wadau mnataka kumuua tembo. Mgeni kutoka Ujerumani anayelipa siku sita porini anamtafuta tembo yule yule. Mama wa bibi harusi akiona tembo anaondoka, mgeni akiona keki anaondoka. Tengeneza tovuti mbili. Hakuna menyu itakayowapatanisha hao.

#27 FundiWaTovuti
Tovuti mbili ni gharama mbili, majina mawili, na ya pili itakufa ndani ya mwaka. Nimezika nyingi. Ukurasa mmoja, milango miwili: SHEREHE na SAFARI. Ukiingia Sherehe, menyu inakuwa ya sherehe tu. Tembo hakufuati huko.

#28 MuscatNaUnguja
Na harusi za Serengeti na za ufukweni Zanzibar utaziweka mlango upi? Ziko nyingi siku hizi.

#29 FundiWaTovuti
Mmmh.

#30 SalmaWaTemeke
Naomba niseme na hili la bei. Mnadhani hawaioni? Wanaiona! Mama anakuuliza bei kwa sababu bei ya tovuti ni mwanzo wa mazungumzo. Anataka akusikie sauti, ajue ukoje, ajue kama siku yake utawahi. Mama yangu alipiga simu kwa wapiga picha watatu, bei zao anazijua kwa kichwa, akawauliza zote upya. Aliyemchukua ni yule aliyemuuliza, "Mama, ukumbi una madirisha?" Ukiweka menyu moja au arobaini, atapiga tu.

#31 BahariaMvita
Hilo la Salma ni kweli kwa mama. Mimi mwenyewe nisipoiona bei ndani ya dakika moja naondoka, na sipigi simu. Wanaoondoka kimya mleta uzi hawahesabu, anahesabu wanaomwandikia tu.

#32 KitundaStudio
Nami naongeza la rangi, maana nimeangalia hizo picha. Zile za harusi ya kanisani zimepauka kwenye simu yangu. Ulizitoa kwenye programu ya Lightroom kwa mfumo wa rangi wa Adobe RGB, sivyo? Kisha mfumo wa kupunguza ukubwa ukafuta wasifu wa rangi uliokuwa ndani. Kivinjari kinakosa maelekezo, kinazisoma kama sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, ngozi inakuwa ya majivu. Zitoe upya kwa sRGB. Huenda ndiyo maana watu wanasimama kwenye tembo. Tembo ni wa kijivu hata rangi zikipotea.

#33 JichoLaNjiro
Kitunda, nimekagua sasa hivi. Ni Adobe RGB. Miaka yote hii.

#34 SalmaWaTemeke
Si nilisema! Rangi zetu!

#35 JichoLaNjiro
Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nimefanya hivi.

Tembo sasa ni kilobaiti 310, slaidi nimezitoa, maelezo ya picha nimefika 140. Lakini kabla ya kugusa menyu nilikata karatasi 14, kila moja nikaandika neno moja la menyu ya juu. Nikampelekea mama yangu, dada wa saluni jirani na studio, na kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu. Kila mmoja peke yake. Nikawaambia: ziwekeni makundi mnavyoona.

Wote watatu waliweka Harusi, Sendofu na Kicheni Pati pamoja. Hapo sikushangaa. Familia na Watoto Wachanga, wawili waliziweka pamoja. Dada wa saluni Watoto Wachanga aliiweka na Kicheni Pati, akasema "ni mambo ya kina mama". Kijana wa bodaboda Wanyamapori na Mlima aliziweka mbali kabisa, pembeni ya meza, akasema "hizi ni za Wazungu". Mama yangu "Mlima" aliigeuza juu chini, akaniuliza kama nimeacha picha nafanya kazi ya upagazi. "Bidhaa" wote watatu walidhani nauza vitu dukani. "Blogu" hakuna aliyeuliza ni nini na hakuna aliyeihitaji.

Miaka na maeneo sikuwapa. Nilipokuwa nakata karatasi nilijiuliza nani amewahi kuniambia "naomba picha za 2019". Ni mimi tu ninayezitafuta hivyo, kwenye diski zangu.

#36 Mwanaseme
Majina. Nilisema #3.

#37 FundiWaTovuti
Mkuu, wote watatu wamepunguza 14 kuwa makundi manne au matano. Hiyo ni idadi.

#38 DerevaWaPori
Bodaboda ameweka mbili pembeni ya meza. Tovuti mbili hizo.

#39 NuruGizani
Kuna mtu alizisoma kwa sauti? Jaribu na hilo, zisome bila wao kuziona, uone wanazokumbuka. Hapo hata Miller wa #2 atakuwa na kazi.

#40 MzeeWaNegativu
Jaribu na picha badala ya maneno. Chapisha 14 ndogo, moja kwa kila neno. Uone vidole vinakwenda wapi.

#41 JichoLaNjiro
Mzee, nachapisha kesho. Nitatumia ile ya ngarawa na ile ya bibi harusi wa Ngaramtoni ambayo nimeitoa upya kwa sRGB. Ameng'aa!

#42 SalmaWaTemeke
Kaka, karatasi ya Bei mama yako aliiweka kundi gani?

#43 JichoLaNjiro
Dada Salma, hakuiweka popote. Alimaliza kupanga zote, ile alibaki nayo mkononi.

#44 BahariaMvita
Basi iwe kila ukurasa, chini, isiondoke.

#45 SalmaWaTemeke
Au alikuwa anataka kukuuliza. Ulimuuliza?

#46 JichoLaNjiro
Sikumuuliza. Jumapili naenda kula kwake, nabeba na picha za mzee.